Mkia wa Pikapu na Nyumba Yenye Shingo

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Mtu anatoka kazini, mahali alipoishi kwa kukimbizwa na saa, halafu anafungiwa nyingine kwenye karatasi ya maua aende nayo nyumbani ikamkimbize huko. Nimeitundika sebuleni kwangu, Ujiji, juu ya kabati la vyombo, na mpaka leo kazi yake kubwa ni kunijulisha kwamba betri za siku hizi hazidumu. Baada ya pilau na hotuba, vijana wa karakana walinivuta pembeni wakaniomba niandike chochote kuhusu kazi yetu, "maana Mama unajua mengi." Ningependa wangeyasema hayo nilipokuwa nawakataza kupita chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki moja. Hata hivyo naandika. Vyeo nilivyopewa sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na kiti kibovu kuliko cha mwanzo.

Nilianza katika karakana ya shirika letu, pale Mwanga, nikiwa binti wa kuvaa kanga juu ya ovaroli, kwa sababu shangazi yangu alisema ovaroli peke yake ni nguo ya kiume. Shirika lilikuwa na magari ya kupeleka wauguzi na dawa kwenye vijiji vya pwani ya ziwa, na magari hayo yalirudi yakiwa yamechoka kuliko wagonjwa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bigirimana. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa mdogo, akakulia huku, akaoa mtaa wa Kasingirima, akawa mwenyeji kuliko sisi wenyeji. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na hakuwahi kupandisha sauti. Alipokasirika aliingiza maneno ya Kirundi, na tukisikia hivyo kila mtu alitafuta spana ashike.

Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Fundi." Akajibu, "Marahaba. Mwakeye," salamu ya asubuhi ya kwao, kisha akachukua ndoo tupu ya grisi, akaipindua nyuma ya gari lililokuwa linapakiwa, akaniambia nikae. Nikadhani ni heshima kwa mgeni. Nikakaa. Wakapakia, gari likaondoka, likaja jingine. Nikaendelea kukaa. Akina mama wa sokoni walipita wakaniuliza ninauza nini. Jioni Mzee akaja akauliza, "Umeona nini?" Nikamjibu nimeona migongo ya magari. Akasema, "Kesho utaona mkia."

Ndivyo nilivyofundishwa. Mzee Bigirimana alikuwa na masomo mawili, na mengine yote aliyahesabu kuwa ni kufungua nati. La kwanza ni mkia. Gari likipakiwa, sehemu ya nyuma hushuka. Ikishuka kiasi, sawa. Ikishuka mpaka taa za mbele zinatazama mawinguni, punguza mzigo. La pili ni mkono. Gari likirudi safari, hasa likiwa limetoka mteremkoni, alisogeza kiganja polepole katikati ya gurudumu, moja baada ya jingine. Palipokuwa na joto la kawaida kiganja kilikaa. Palipokuwa na breki iliyoungua kilirudi chenyewe, na dereva aliitwa aje aeleze alikuwa anakimbilia wapi. "Mkono ukikaa," alisema, "safari ilikuwa nzuri. Mkono usipokaa, mmefika kwa bahati." Madereva walimcheka. Walisema Mzee anayapima magari homa.

Mdogo wangu Shabani alikuja kuajiriwa miaka kadhaa baadaye kama dereva. Mama yetu alifariki Shabani akiwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa wangu. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani baadaye kwamba nilikuwa bosi mkali tu. Shabani alikuwa dereva mzuri kweli. Tatizo ni kwamba alilijua hilo, na aliokutana nao wote aliwajulisha. Akishika usukani alikaa upande, kiwiko nje, kana kwamba barabara ya Ilagala imelimwa na baba yake. Mzee alimpenda. Mimi nilimpenda zaidi, ndiyo maana nilimgombeza zaidi.

Sasa niwaambie ugonjwa wa mji wetu, kwa sababu mtaukuta na hautaisha na mimi. Ugonjwa huo ni springi. Mtu wa Kigoma akinunua pikapu, hajali kitabu chake kinasema inabeba kiasi gani. Kitabu kimeandikwa na watu wasiojua mawese. Anapakia madumu ya mawese mpaka juu ya kibanda, anaona mkia umekaa chini, anasikitika, na badala ya kushusha madumu anakwenda kwa fundi mmoja pale Mwanga ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa tunakutana misibani. Huyo fundi ana rundo la bamba za springi zilizotolewa kwenye malori yaliyokufa. Anaongeza mbili, anaongeza tatu, anagonga, anafunga, na pikapu inatoka pale makalio juu kama bata anayetafuta kitu chini ya maji. Ikipakiwa, mkia unasimama sawasawa. Mwenye gari anafurahi. Kwa hesabu yake, mzigo umepungua.

Nimeeleza jambo hili kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye foleni ya benki. Springi inashika mkia tu. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, tairi ni zilezile, na breki ni zilezile zilizowekwa na watu waliodhani utabeba viti vya plastiki. Ukiongeza springi hujaongeza gari, umelizuia lisilalamike. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia, "Kweli Mama," wakaenda kuongeza springi.

Na kuvuta ni vilevile. Wakati fulani mvuvi tajiri wa Kibirizi alitaka mtumbwi wake mkubwa uletwe kwa barabara mpaka kwa mafundi wa mbao wa Ujiji, maana ulikuwa unavuja kiasi cha kutoaminika majini. Tukampa tela. Akaupakia mwenyewe: mashine nyuma, nyavu nyuma, na wajomba zake wawili wakakaa nyuma kulinda mashine. Gari lilipoanza kwenda kasi kidogo, tela likaanza kukata kiuno, kulia na kushoto, na wajomba wakaanza kusoma dua za kila aina. Nikamsimamisha dereva. Mzigo ukikaa nyuma ya magurudumu ya tela, pua ya tela inakuwa nyepesi, inainua gari linalovuta, na hapo mwenye kuamua njia ni tela. Tukahamisha mashine na nyavu mbele, na wajomba nikawaambia wapande bodaboda. Walichukia sana. Mmoja wao mpaka leo akiniona njiani anavuka upande wa pili.

Basi ndipo ikaja ile nyumba.

Mzee Bigirimana alikuwa amestaafu tayari, amekaa kwake Kasingirima akifuga bata, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa karakana. Wafadhili walikuwa wametutumia zawadi: zahanati ya magurudumu. Ilifika ikiwa juu ya lori la mizigo, na ilipoteremshwa Mwanga nzima ilikuja kuangalia. Ilikuwa nyeupe, ndefu, ina madirisha, ina ngazi inayokunjwa, ndani ina kitanda cha kujifungulia, friji ya chanjo, tangi la maji na jenereta. Lakini mbele haikuwa na mkono wa kufunga nyuma ya gari kama tela tulizozizoea. Ilikuwa na shingo. Shingo hiyo ilinyanyuka, ikaja mbele, na chini yake ikatoka pini nene. Pini hiyo inakaa juu ya sahani ya chuma inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, kama vichwa vya malori makubwa vinavyobeba tela zao. Sahani walituma. Gari la kuvuta hawakutuma. Ni kama mtu akuletee mkia wa ng'ombe na kukutakia unywaji mwema wa maziwa.

Mkurugenzi wetu alikuwa Dokta Deo. Alipenda kupigwa picha, na hilo halikuwa siri, lakini aliitaka zahanati hiyo kwa sababu nyingine pia. Aliwahi kumpoteza mama mjamzito aliyeletwa kwa mtumbwi kutoka upande wa pili wa mdomo wa Malagarasi, akafika bandarini amechelewa. Dokta alikuwa amesimama pale gatini na machela. Tangu siku hiyo alisema kitanda cha kujifungulia lazima kiwafuate wao. Akapanga uzinduzi Ilagala, akaalika wakubwa, akaagiza mahema, kisha akasafiri kwenda mkutanoni Dodoma. Kuvuta, alituachia sisi.

Gari la kuvuta lilichaguliwa na Shabani. Tulikuwa na pikapu mpya yenye milango minne, nyeupe vilevile, inang'aa, na Shabani alisema rangi zinaendana. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake ya kwanza na ya mwisho. Nikamwita ofisini.

"Shabani, hii pikapu haitaliweza lile jumba."

"Dada, hii mashine ina nguvu. Aliyetuuzia alisema inavuta mpaka meli."

"Kuvuta sibishani nawe. Nani ataibeba shingo?"

"Shingo?"

Nikamtoa nje nikamwonyesha. Tela la kawaida hulaza uzito mdogo tu kwenye gari. Lenye shingo hulaza karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake wote ndani ya bodi. Jumba letu likijazwa maji, mafuta na vifaa, sehemu hiyo ya tano peke yake inamaliza kile ambacho kibao cha mlangoni kinaruhusu pikapu kubeba. Na hapo dereva hajapanda, wauguzi hawajapanda, hata hiyo sahani yenyewe, ambayo ilitushinda watu wanne kuinyanyua, haijahesabiwa. Halafu bodi ya pikapu ya milango minne ni fupi. Ukikata kona kali, kona ya jumba itakuja kukupiga kisogoni. Halafu jumba lina breki zake za umeme, na breki hizo zinaamrishwa na kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na usukani. Kisanduku hakikuja. Shabani alikuwa ameunganisha waya wa taa tu, na taa ziliwaka vizuri sana.

"Dada," akasema, "wewe unaliona kila gari kama linataka kuniua."

"Si kila gari. Hili."

Akacheka, akaondoka. Kesho yake pikapu haikuwepo. Ilirudi mchana, na kabla sijaiona mbele niliiona nyuma: imeinuka. Alikuwa ameipeleka kwa yule fundi wetu wa misibani. Wakalipandisha jumba juu ya sahani mbele ya watu wote, na mkia ukashuka kidogo tu, ukasimama sawa kama meza. Watu wakapiga makofi. Jirani yetu mshona nguo alipiga vigelegele, sijui kwa nini, nadhani alifikiri ni harusi.

Na Shabani hakuishia hapo. Alijua nitakataa, kwa hiyo alikuwa amemtuma mtu wa bodaboda Kasingirima kumleta Mzee Bigirimana. Mzee akashuka na koti lake la suti, akaamkiwa na umati, akapewa ileile ndoo. Akaipindua, akakaa nyuma ya jumba, akapiga jicho. Akahamia pembeni, akainama, akatazama pikapu. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nilitaka kusema, lakini ningesemaje mbele ya aliyenifundisha, na mbele ya watu waliokuja kumwona?

"Mkia uko sawa," Mzee akasema.

Umati ukalipuka. Shabani akanitazama kwa huruma ya mshindi. Akatangaza kwamba Jumamosi anaondoka na wauguzi wanne, tangi limejaa, kwenda Ilagala. Mimi niliona mteremko mmoja tu kichwani, ule mrefu wa kokoto kabla ya kufika bondeni, wenye kona chini yake na mitumbwi ya watu ikikaushwa pembeni. Nilimwona Shabani pale, kiwiko nje, na nyumba nzima nyeupe nyuma yake ikimsukuma. Niliogopa, na sikuona aibu kuogopa.

Funguo za gari nilikuwa nimeshazichukua tena, na ningeweza kuzificha. Lakini ningezificha mpaka lini? Mji mzima ulikuwa upande wa mkia. Nikasema, "Sawa. Kesho asubuhi tutoe maji yote, tutoe jenereta, asipande mtu. Tuteremke kutoka hapa Mwanga mpaka stesheni na kurudi. Tukirudi salama nakupa funguo." Shabani akakubali haraka, kwa kuwa mteremko wa stesheni aliuteremka tangu akiwa anasukuma tairi kwa kijiti. Hekima ya mtu mzima ikanituma nipande pamoja naye, ili tukifa tufe kifamilia.

Tuliondoka mapema, wafagiaji wakiwa ndio kwanza wanaanza barabara. Juu, kwenye tambarare, jumba lilifuata vizuri. Shabani akaanza kuimba. Tulipoanza kuteremka aliweka gia ndogo, kama nilivyomfundisha, na hilo namshukuru mpaka leo. Kisha jumba likatambua kwamba kuna mteremko. Sijui niseme vipi. Nilihisi mgongoni kana kwamba mtu mkubwa ameweka mikono yake juu ya gari na kuanza kulisindikiza. Shabani akaacha kuimba. Akakanyaga breki, gari likapungua, likaendelea. Akakanyaga tena. Harufu ikaja, ile ya chuma na kitambaa kinachoungua, ambayo Mzee alitufundisha kuitambua kabla ya chakula.

"Dada," Shabani akasema.

Kiwiko chake kilikuwa ndani. Mikono miwili ilikuwa kwenye usukani, na nikaona mishipa ya shingo yake, na nikakumbuka nilivyokuwa nikiiosha kwa sabuni ya mche. Nikamwambia, "Kushoto, kwenye lile rundo la mchanga la wajenzi. Taratibu. Usikate kwa nguvu." Akakata. Alikata kama binadamu anavyokata akiwa na hofu, yaani kwa nguvu. Gari likapanda mchanga, likazama, likasimama. Jumba likazunguka kidogo, na kona yake ikaja kuchungulia ndani kupitia kioo cha nyuma. Kioo kilimwagika chote juu ya mtandio wangu. Kisha nikamsikia mfagiaji mmoja anasema, "Mungu wangu, Mungu wangu," akiwa amekumbatia fagio lake.

Hakuna aliyeumia. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa baiskeli, jumba likiwa tupu. Muikumbuke sehemu hiyo, nyinyi mnaobaki.

Mzee Bigirimana aliletwa na bodaboda, koti lake likiwa limefungwa vifungo vibaya. Watu walianza kuja, na fundi wa springi alikuwa miongoni mwao, akieleza kwamba tatizo ni mchanga. Mzee hakumtazama mtu. Alitazama mkia. Hata pale, pua ikiwa imezama mchangani, mkia ulikuwa umesimama vizuri kabisa. Kisha akainama kwenye gurudumu la mbele, akasogeza kiganja polepole kama alivyofanya miaka yote. Hakikufika. Kilirudi kikiwa bado mbali. Akaenda gurudumu la pili, kikarudi. Akamgeukia Shabani.

"Lete mkono wako."

"Mzee, nimeshaona moshi."

"Oya, hapana. Mkono, mwana wanje."

Akamshika Shabani kifundo, akausogeza mkono wake karibu na chuma mpaka Shabani mwenyewe akaurudisha kwa kasi. Mzee akamwachia.

"Jana nilitazama mkia," akasema. "Mkia mmeuvalisha. Mimi nikapita nasema uko sawa. Dada yako alikuwa amesimama karibu yangu, nami sikumuuliza." Akanigeukia. "Tausi, kwa nini hukusema?"

"Nilikuheshimu, Mzee."

"Heshima gani ya kuniacha nimtume mtoto kufa?"

Niliona tu kwamba macho ya Mzee yalikuwa mekundu, na kwamba Shabani alikuwa ameketi kwenye mchanga, analia bila sauti, kichwa kati ya magoti, dereva bora wa Ujiji. Nikakaa karibu naye nikaanza kuchambua vioo kwenye mtandio, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Dokta Deo alirudi siku iliyofuata. Nilidhani atalilia picha zake. Nikamweleza habari ya springi, na kabla sijamaliza akaikamata: "Yaani mmempa mgonjwa dawa ya maumivu, mguu umevunjika bado, halafu mkamwambia acheze mpira." Nikamwambia kwamba Kigoma nzima inacheza mpira hivyo. Akauliza tuna gari gani linaloweza. Nikamwonyesha lori letu la matofali, ambalo zamani lilikuwa la bluu, na mlango wake wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Akalizunguka lote. "Hakuna lingine zuri zaidi?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Akaguna, kisha akaahirisha uzinduzi na kuwapigia wakubwa mwenyewe, akisema zahanati ina homa.

Kazi tuliyofanya baada ya hapo ndiyo nataka muishike, kuliko hadithi ya mchanga. Tulilipeleka lori mizani ya bandarini likiwa tupu, tukajua linaweza kuongezewa uzito kiasi gani. Tukalipeleka jumba limejaa maji, mafuta, kila kitu, hadi sabuni, tukajua uzito wake wa kweli na uzito wa shingo yake. Msipime tupu halafu mkasafiri limejaa. Bodi ya lori ilikuwa juu mno kwa shingo, kwa hiyo tuliikata, tukaifunga sahani kwenye boriti zenyewe, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, mpaka jumba likalala sawa. Tukazunguka uwanjani kulia na kushoto, Mzee akiwa ameketi kwenye ndoo, kuhakikisha kona haimfikii dereva. Kisanduku cha breki kikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na tukakijaribu kwa kitufe chake, bila kukanyaga breki za lori, hadi breki za jumba peke yake ziweze kulisimamisha lori. Tairi tukazisoma moja moja, uzito ulioandikwa ubavuni. Springi hatukugusa hata bamba. Lori lilipobeba, mkia wake ulishuka kidogo, wazi, kila mtu akauona, na Mzee akasema, "Afadhali. Linaongea."

Siku ya safari Shabani hakukaa upande. Alifunga mkanda, akaomba dua, akaondoka mwendo wa msafara wa maiti. Wauguzi walitangulia kwa gari jingine. Mimi nilibaki karakana nikijifanya nakagua betri. Niliikagua betri ileile mpaka kijana mmoja akaniuliza kama imekufa. Simu ilipolia niliidondosha kwanza.

"Dada, nimefika Ilagala."

"Ehe?"

"Nimegusa yote, ya lori na ya jumba. Yana joto." Nikasikia watoto wakipiga kelele nyuma yake na mtu akipiga ngoma. "Mkono unakaa."

Nilitaka kumwambia mambo mengi, ya mama, ya mgongo wangu, ya mishipa ile ya shingo. Nikamuuliza kama amekula. Akasema wamempa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na Dokta yuko mbele ya lori anapigwa picha, amesimama pembeni kidogo ili kuficha kamba ya mlango.

Yule fundi wa Mwanga bado anaongeza springi, na nikikaa kibarazani kwangu jioni naziona pikapu za mawese zikipita, makalio juu, zinapiga honi. Siwezi kuzisimamisha. Mzee Bigirimana tulimzika mwaka juzi, na ndoo yake iko hapa kwangu, nimeipindua karibu na mlango. Wageni wanaikalia bila kujua. Saa ya ukutani imesimama tena. Jana jioni simu ililia, na mimi si mkuu wa karakana ya mtu yeyote, sina gari, sina funguo, sina sababu yoyote ya kupewa taarifa. Shabani alikuwa ng'ambo ya kivuko cha Malagarasi na lile lori lake baya, ana mvi tayari.

"Dada," akasema, "mkono unakaa."

Nikamuuliza amekula nini.